Tone la Piko kwenye Kisigino cha Mama

Mpaka leo ninavyo vidoti vyangu vyote vya usoni, na sababu yake ni kisigino cha mama yangu. Nalisema mapema nisije nikadhaniwa mwoga. Nilikuwa nimeshaamua kuvitoa, na nilishachagua hata njia ya kuvitoa, kazi iliyonichukua karibu mwaka mzima na kunigombanisha na watu watatu.

Vidoti vyenyewe ni vya kurithi. Bibi mzaa mama alikuwa navyo, mama anavyo, na mimi vilinianza nilipokaribia miaka arobaini. Kwanza kimoja chini ya jicho, halafu viwili, halafu nikaacha kuhesabu. Ni vyeusi, vidogo, vimetuna kidogo, vimetapakaa kutoka mashavuni hadi shingoni kama uwele uliomwagika. Mama huviita mbegu. Kwetu, huko milimani Kondoa, mwanamke wa ukoo wetu akianza kuvipata huambiwa sasa amekuwa mtu mzima, na sijasikia hata mmoja aliyefikiria kuviondoa.

Mimi lakini siishi milimani. Naishi Nkuhungu na nafanya kazi masjala, katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, ambako kila mwaka huletwa wasichana wapya wenye nyuso laini. Mmoja wao, siku yake ya kwanza, alichomoa tishu kwenye mkoba, akaniinamia kwa heshima zote. "Shikamoo mama," alisema. "Samahani, una uchafu kidogo hapa." Akaanza kunifuta. Alifuta mara mbili kabla hajaelewa, na alipoelewa alitaka kulia. Nilicheka kwa sauti ili asione aibu, kisha nikaenda chooni, nikajitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko desturi yangu.

Mtani wangu hakusaidia. Ni Mgogo wa Hombolo, meza yake inatazamana na yangu, na kwa kuwa mimi ni Mrangi anajiona ana kibali cha kuniambia lolote.

"Mtani," alisema siku hiyohiyo, "miaka yote hii nilidhani ni inzi. Nikawa nakuonea huruma."

Nilimwambia inzi wakitaka uchafu watakwenda mezani kwake. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua.

Shida ilikuwa njia, na hapo ndipo sikio langu la kushoto linapoingia. Nilipokuwa msichana nilitoboa tundu la pili. Kovu lake likavimba, likaendelea kuvimba, mpaka likawa na ukubwa wa zabibu. Lipo mpaka leo, limejificha chini ya mtandio. Ngozi yangu ndivyo ilivyo, ukiigusa kidogo inajibu kwa kelele. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nikikosea njia nitabadilisha punje arobaini za uwele kwa zabibu arobaini, tena usoni, ambako mtandio haufiki.

Jirani yangu alisema dawa ni uzi. Unakifunga kidoti kwenye shina, unakaza kila asubuhi, na siku ya saba kinadondoka chenyewe. Yeye alishafanya, akanionyesha mahali shingoni ambapo hapakuwa na kitu. Tuliketi barazani kwake Jumapili moja tangu saa nne mpaka adhuhuri, yeye na miwani yake, mimi na shavu langu, na uzi wa kushonea ukakataa katakata kushika. Vidoti vyangu havina shina, vimekaa kama vilivyobandikwa. Jirani alikasirika kana kwamba nilikuwa nafanya makusudi, akaniambia nina uso mgumu. Nami sikunyamaza. Ilipita wiki mbili tukisalimiana kwa mbali.

Chang'ombe kuna duka la vipodozi ambalo kila mtu ofisini analisifu. Dawa yao ilikuwa kwenye kichupa kidogo chenye maandishi ambayo hata muuzaji hakuweza kuyasoma. Alinieleza kwamba inachoma siku tatu, inafanya kigaga, na kigaga kikibanduka ngozi inakuwa kama ya mtoto. Nikamuuliza lile baka jeupe shingoni mwake lilitokana na nini.

"Hapo ndipo nilipoijaribu," alisema bila haya. "Lakini rangi inarudi, dada. Taratibu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Nilikirudisha kichupa chake nikamshukuru, na nilimshukuru kwa dhati, maana muuzaji mwingine angejifunika shingo.

Binti yangu naye alitaka mionzi. Ameolewa, anaishi mjini humuhumu, na mambo yote mapya hufika kwake kwanza. "Wanatumia mwanga tu, mama. Huumii, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo," alisema, akanipeleka. Msichana aliyevaa koti jeupe alitupokea. Nikamtazama, akanitazama, tukatambuana: ndiye aliyenisuka nywele kwa ajili ya Idi iliyotangulia. Nilimuuliza huo mwanga unajuaje pa kuishia kwenye ngozi yangu, ambayo yote ni nyeusi. Alisema mashine inajua yenyewe. Niliinuka nikatafuta mkoba wangu, na binti akaninunia wiki nzima kwa kumwaibisha.

Ikabaki hospitali. Nilipata siku ya kumwona daktari wa ngozi kwenye hospitali kubwa, nikafanya kosa la kumwambia mama kwenye simu. Siku ya pili yake alishuka kwenye basi la Kondoa na kiroba cha karanga kichwani, uso umeshajiandaa kwa ugomvi. Yeye ndiye mtu wa tatu.

"Nimesikia unataka kujimenya," alisema kabla hajakaa.

"Si kujimenya, mama. Ni kuondoa vidoti tu."

"Ukiviondoa utafanana na nani?"

Nilianza kumweleza habari za ofisi, tishu na inzi, hadi uzi, kichupa na mwanga. Hakusikiliza. "Baba yako alikuwa na sura yake, akaondoka nayo," alisema. "Hii uliyo nayo nimekupa mimi. Nami nilipewa na mama. Leo unakwenda kumpa daktari aitupe kwenye ndoo."

Tulibishana siku mbili, kwenye chai, kwenye kuchambua mchicha, mpaka kwenye kuanika nguo. Aliposhindwa hoja alinyoosha mguu wake wa kulia na kunionyesha kisigino. "Tone lako bado lipo," alisema. "Mtu aliyeshindwa kupaka kisigino bila kudondosha, leo anataka kuchezea uso."

Hilo tone ni hadithi ya nyumbani kwetu. Binti yangu alipoolewa, mimi ndiye niliyempamba mama miguu. Nilimpaka hina unyayo mzima, halafu nikamchorea pembeni vijistari vya piko nyeusi kwa kijiti. Mkono wangu si wa fundi, vijistari vilikwenda upogo. Hina ilipofifia na piko ilipotoka, likabaki doa jeusi pembeni mwa kisigino. Mama akasema nilidondosha tone. Wote wakakubali kwamba nilidondosha tone, nami nikakubali, maana ilikuwa inafanana na mimi. Tangu hapo kila nikimwaga chai au mchuzi, mtu husema tone la piko, tunacheka. Nami safari hii nilicheka. Mguu ulikuwa umenyooshwa mbele yangu mchana kweupe, na nilicheka.

Mwishowe akasema atakwenda nami hospitali, amwone huyo anayetaka kunimenya.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yangu. Alipomwona mama alisimama. "Shikamoo bibi," alisema, na mama akaitika marahaba kwa sauti ya mtu asiyetaka kununuliwa kwa adabu. Kabla ya hapo alikuwa ameshavua kandambili mlangoni. Muuguzi alimwambia aingie nazo tu, mama akamwuliza kama kwao huingia na vumbi la njiani kwenye chumba cha watu. Kwa kuwa magoti yake hayapendi viti, akapanda kitanda cha wagonjwa, akakaa amenyoosha miguu, ananilinda kutoka pale.

Daktari alinitazama uso kwa kioo chenye taa. Halafu, bila kuambiwa, akainua mtandio wangu akatazama na sikio. Hapo nikampenda.

"Vidoti hivi havina madhara," alisema. "Vingi ni vya ukoo. Ukitaka nitavichoma juujuu kwa sindano ndogo ya umeme. Lakini kwa sikio kama hili sigusi uso kwanza. Nitajaribu kimoja hapa shingoni, tusubiri miezi mitatu, tuone kovu linasemaje."

Miezi mitatu! Mimi si mtu wa kusubiri hata maji yachemke. Lakini kwa mwaka mzima huyu alikuwa wa kwanza kuiuliza ngozi yangu kabla ya kuiahidi. Nikamwambia nimechagua hiyo. Mama alisonya kule kitandani.

Daktari akaenda kunawa mikono. Bomba lilikuwa karibu na miguu ya mama. Alinawa, akafunga maji, akabaki amesimama na mikono inadondosha.

"Bibi, hii ni nini?"

"Hiyo ni piko," mama alisema. "Muulize huyo, ndiye aliyeidondosha."

Nikacheka tena.

"Piko ya lini?"

"Ya harusi ya mjukuu wangu."

"Na harusi ilikuwa lini?"

Mama alinitazama nimkumbushe. "Mwaka juzi," nilisema, na nilipokuwa nalitamka ndipo nami nilipolisikia.

Daktari akavuta kiti, akaketi, akauweka mguu wa mama mapajani mwake juu ya koti lake jeupe. Aliutazama kwa kile kioo muda mrefu. Doa lilikuwa na ukubwa wa kitufe cha shati, ukingo wake umeingia huku na kutoka kule. "Piko haikai miaka miwili, bibi," alisema taratibu. "Hata mwezi haimalizi. Hili doa limekua?"

Mama akajibu kama mtu anayekiri kuvunja kikombe cha wenyewe. "Limekua kidogo. Ndiyo maana huwa naongeza hina, unyayo ulingane."

Daktari hakutuficha. Alisema watu wa rangi yetu, saratani ya ngozi ikitupata, hupenda kujificha huko chini, kwenye nyayo na kwenye kucha. Huenda ikawa hiyo, huenda isiwe, lakini lazima akate kipande kidogo kiende maabara. Mama akageuka mtaalamu. Alipendekeza uzi. Nikajisikia nikisema, "Uzi haushiki, mama." Alipendekeza dawa ya kichupa. Alipendekeza hata mwanga, ambao siku mbili nzima alikuwa anaucheka. Kumbe wakati wote niliodhani hanisikilizi alikuwa amehifadhi kila neno.

"Uso wa mama huyu unaweza kusubiri na kuchagua," daktari alisema, akinionyesha mimi. "Hapa hatuchagui, bibi. Hapa ni kisu."

"Nina uwele wa kupanda," mama alisema. Akashuka kitandani, akavaa kandambili zake, akatoka.

Nilimkuta kwenye benchi la nje, chini ya tangazo la chanjo. Nilikaa karibu naye. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku baba alipofariki, maana siku ile jambo lilikuwa limeshatokea, na hili bado lilikuwa linakuja. Nilijichukia pia. Mwaka mzima nilikuwa nazunguka mji huu na shavu langu, nikijipeleka barazani na madukani, nachunguzwa kila punje, na yeye anatembea juu ya lile doa hadi shambani na kurudi, huku mimi nalicheka. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Usilie mbele za watu," mama alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Wakikata, nitakaa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na uwele?"

"Wajomba watapanda."

"Wajomba zako wanapanda kama wanalisha kuku." Alivuta mtandio wake, akautengeneza ambapo haukuwa na kasoro. Halafu akanigeukia, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo na uso mchafu. "Mimi nitawapa kisigino," alisema. "Wewe niachie uso."

"Mama, hivi vitu viwili havihusiani."

"Kwangu vinahusiana. Unataka nichukuliwe juu na chini kwa siku moja?"

Kichwani nilikuwa na majibu kumi, yote ya maana, yote ya kisomi. Nilimwambia sawa. Tukarudi ndani, akavua kandambili mlangoni.

Majibu yalichukua wiki tatu, na wiki hizo sizielezi kwa sababu sikumbuki nilichokula. Ilikuwa ni saratani kweli. Lakini ilikuwa bado juujuu, daktari alisema, haijashuka. Akarudia neno hilo mara mbili kwa ajili yangu. Walikata doa lote pamoja na ukingo mpana kulizunguka, wakachukua ngozi pajani wakaziba pale kisiginoni. Mama alipozinduka kitu cha kwanza kuuliza ni kama kiraka kimeshonwa na mtu anayejua kushona.

Alikaa kwangu Nkuhungu mguu ukiwa juu ya mito miwili, akiitawala nyumba kutoka sebuleni. Alijua nani amepita, mboga imeungua wapi, na simu ngapi wajomba hawajapokea. Jirani wa uzi alikuja kumjulia hali, wakapatana kwamba nina uso mgumu, na hivyo nami nikapatana naye. Binti yangu alikuja kila jioni kumsugua mguu mzima usife ganzi. Mtani wangu naye alileta zabibu za kwao Hombolo, ndoo ndogo imejaa, akamsalimia mama kwa magoti, kisha akanikagua.

"Umerudi na inzi wako wote?"

"Wote."

"Afadhali. Ningekutambuaje?"

Mvua zilikuja, wajomba wakapanda ovyo kama ilivyotabiriwa, na uwele ukaota hivyohivyo. Kidonda kilichelewa kufunga, lakini kilifunga. Mama alianza kukanyaga kwa ukingo wa mguu, halafu kwa mguu mzima. Daktari alikuwa anamwita kila baada ya muda, anapapasa mpaka kinenani kama kuna mtoki, anasema pako safi. Nami pia hakunisahau. Mara ya tatu aliniuliza kama bado nataka ile sindano yake ya umeme, maana miezi ya kusubiri ingekuwa imeshapita. Nikamwambia nimeshautoa uso kwa ahadi. Alicheka, hakuuliza zaidi.

Idi tuliifanya Kondoa. Mama alitaka hina. Nilimuuliza daktari kabla, akasema hina ya majani haina neno, piko asiione kabisa, na hina ikishafifia niutazame unyayo wote, usiku usiwe kisingizio wala haraka isiwe kisingizio. Nikampaka mwenyewe, uani, jua la asubuhi likiwa mgongoni kwangu. Kwenye kovu rangi haikushika sawa, ilibaki duara lenye wekundu hafifu. Nilitumia kitambaa badala ya kijiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipaka polepole.

"Usidondoshe," mama alisema, na wote waliokuwa uani wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimeuma midomo.

Nilirudi kazini, nikaomba ruhusa tena wiki ya nne, nikapanda basi. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka. Hakuuliza nimefuata nini. Alinyoosha mguu wa kulia, nikauchukua mapajani kama daktari alivyouchukua. Hina ilikuwa imetoka. Nilitazama kisigino, nikatazama kati ya vidole kimoja kimoja, nikageuza mguu upande wa jua nikatazama tena. Unyayo ulikuwa mweupe wote, una kovu na nyufa za shamba, basi. Nikatazama mara ya tatu kwa sababu nilitaka tu kuutazama.

Mama aliinama, akanipapasa shavu kwa kidole kimoja, kidoti baada ya kidoti, naye anakagua vya kwake.

"Limebaki tone?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi nisogezee kandambili. Uwele umekomaa na ndege wameshaamka."